Amri za Mke Wangu

Nilikuwa nimetengeneza simu mjini Malindi kwa miaka kumi na saba siku mke wangu alipoitengeneza simu iliyonishinda, na sikufurahi hata kidogo. Nalisema hili mapema ili msomaji asinitafutie sifa nisizokuwa nazo.

Kibanda changu kiko mtaa wa Barani. Kazi yangu ni ya mikono: kubadilisha vioo, kulehemu tundu la chaji, kukausha simu zilizotumbukia majini. Wafanyakazi wa chumvi wa Gongoni huniletea simu zilizolika mpaka skrubu hazigeuki, nami huzifungua. Upande wa programu nilikuwa na dawa moja tu, kuifuta simu yote irudi ilivyotoka kiwandani. Mtu akilalamikia picha zake, nilimwambia hakuna njia nyingine, na niliamini hivyo.

Mke wangu ni karani wa shule. Mwaka juzi alianza kwenda Kilifi kila Jumamosi kusoma kompyuta. Mwanzoni nilimsindikiza hadi stendi. Kisha akaanza kurudi na habari za mwalimu: mwalimu kasema hivi, mwalimu katuonyesha vile. Mwalimu mwenyewe alikuwa kijana, na alimtumia jumbe za sauti ambazo mke wangu alizisikiliza akicheka huku anakuna nazi. Nilipomuuliza kinachomchekesha, alinieleza vizuri kabisa, nami sikuelewa neno, kwa hiyo sikujua hata kama nina haki ya kukasirika.

Jumapili moja alasiri nilimkuta mezani, simu yake imeunganishwa na kompyuta kwa waya. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na dirisha jeusi lenye herufi nyeupe. Aliandika maneno mawili, akabonyeza, na majina ya programu zote zilizokuwa ndani ya simu yakamwagika mbele yake. Nilimuuliza ni nini kile. Alisema ni njia ya kuiamuru simu kutokea ndani, bila kuigusa, na kwamba mwalimu aliwafundisha jana yake. Nikasema huo ni mchezo wa watoto, nikatoka nje ingawa sikuwa na pa kwenda.

Jumanne akaja fundi cherehani wa mtaa wa pili. Simu yake ilikuwa haitumiki, kila baada ya sekunde chache linaruka tangazo na kufunika kioo kizima. Niliipekua. Programu yenye kosa ilionekana kuwa mojawapo ya zile zilizokuja na simu yenyewe, zisizo na jina la maana wala kitufe cha kuziondoa. Nikamwambia dawa ni kuifuta yote.

"Fundi, vipimo vya bibi harusi na dada zake wote nimevipiga picha vimo humo," alisema. "Harusi ni Ijumaa. Ukifuta, nimekwisha."

Pale pale nikalikumbuka dirisha jeusi. Ningeweza kumwambia asubiri, mke wangu hutoka shuleni saa kumi. Nilimwambia aniachie simu, nitamaliza mwenyewe.

Kibandani nina kompyuta kuukuu ninayotumia kuwawekea watu nyimbo. Nilitafuta video ya maelezo, nikapakua kile kifurushi cha zana, nikakifungua, nikaandika amri kama nilivyoonyeshwa. Kompyuta ikajibu kwamba neno hilo hailijui. Niliandika tena kwa herufi kubwa, kisha kwa kuacha nafasi, na jibu likawa lile lile. Ilipita karibu saa nzima kabla sijaelewa kwamba dirisha lile hulifungui popote, sharti ulifungulie ndani ya folda yenye zana.

Ikabaki simu. Mwenyewe alikuwa ameiweka kwa Kiswahili, nami menyu zote nazijua kwa Kiingereza, nikawa napapasa kama mgeni. Ili mipangilio iliyofichwa ifunguke, ilinibidi kuigusa nambari ya muundo mara saba. Nikifika mara ya tano, tangazo linaruka, naanza upya. Mwishowe simu ikaniandikia kwamba sasa mimi ni msanidi programu. Nikawasha utatuzi wa USB, unaoiruhusu kompyuta kuiamuru simu, nikachomeka waya. Kompyuta ikaiona simu, lakini ikasema haijapewa ruhusa. Nilibadilisha waya tatu. Kumbe simu yenyewe ilikuwa ikiniuliza kama naikubali kompyuta ile, na swali lilikuwa limejificha chini ya tangazo. Nikabonyeza Ruhusu.

Furaha niliyoipata nitaieleza ilivyokuwa: sikumfikiria fundi cherehani wala bibi harusi. Nilimfikiria yule kijana wa Kilifi.

Majina ya programu yaliposhuka, sikusoma kwa makini. Niliyoyatilia shaka niliyaondoa, moja, mbili, tatu. La nne lilikuwa ndilo linaloshikilia uso wa simu. Vitufe vyote vikatoweka, kioo kikawa kitupu. Kisha juu ya utupu ule, tangazo likaruka.

Nilizima na kuwasha, haikusaidia. Nikawaza kuifuta simu yote, halafu nimwambie mwenyewe kwamba ilikufa mikononi mwangu. Vidole vilikuwa tayari kwenye vitufe vya pembeni vya kuifutia mke wangu aliposimama mlangoni na mkoba wake wa kazini. Akaiangalia simu, akaiangalia kompyuta.

"Umeondoa nini?"

Nilimwambia sikumbuki. Akavuta kiti, akapandisha maandishi ya dirisha, na amri zangu zote zilikuwa bado pale, zimepangana. Alisema programu zenyewe zimefichwa tu, zinaweza kurudishwa. Alizirudisha tatu. Moja ilipogoma alimpigia mwalimu, akaweka sauti juu.

"Shikamoo mzee," kijana alisema alipoambiwa nipo.

Nikaitikia marahaba. Akatoa maelekezo mafupi, kisha akasema, "Mkeo hana haja nami siku hizi. Jumamosi yeye ndiye aliyenisahihisha mbele ya darasa."

Mke wangu aliandika alivyoelekezwa, vitufe vikarudi kwenye kioo, naye akatabasamu bila kuinua macho. Wivu wangu ukahama. Ukamwacha kijana wa watu, ukaja kumkalia yeye.

Aliisubiri simu irushe tangazo, na papo hapo akaiuliza kwa amri moja ni programu gani iliyo juu ya kioo. Simu ikamtajia. Akaiondoa hiyo peke yake. Tukaitazama simu, na tangazo halikuja tena.

Fundi cherehani alipofika, picha za vipimo zilikuwepo zote. Alinishukuru mimi. Mke wangu alikuwa anakunja waya, nami nikazipokea shukrani zile.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani aliniuliza, "Kama nisingepita, ungemwambia nini?"

Nikamwambia ukweli. Hakunisemesha hadi asubuhi.

Siku ya pili nilikwenda kwa fundi cherehani kumweleza aliyeitengeneza simu yake. Alinisikiliza mguu ukiwa kwenye cherehani, akasema alikwishajua, maana aliona ni nani aliyekuwa akikunja waya. Habari zikaenea. Wakaanza kuja watu, wengine kutoka mbali kule Adu, wananisalimu kwa heshima halafu wanauliza mama anafika saa ngapi. Kila anayeuliza hunichoma, mpaka leo.

Jumapili hunifundisha. Hunirekebisha kwa upole, na upole ule ndio unaoniumiza zaidi. Jumapili moja nilichoka kujifanya, nikamwambia namwonea wivu.

"Najua," alisema. "Na mimi nilikuonea wewe miaka yote hiyo. Wewe walikuita fundi, mimi mke wa fundi."

Nilimwomba anisomee amri inayofuata, naye akanisomea polepole, herufi moja moja, hadi nikaiandika bila kosa.