Mwano wa Punda Wasio na Mwenyewe

Wasomaji wangu mliozoea utani wangu, wiki hii sina. Jumamosi nilipigiwa simu kutoka kijiji kimoja jirani na Kagongwa, nikaambiwa yule mama wa punda amefariki. Nilimfahamu kwa kupitapita tu, kila nilipokwenda kijijini kwake kununua mchele. Lakini namna alivyokufa imenikwama kooni kama mwiba wa sato, na nisipoisema hapa sijui nitaisemea wapi.

Enzi machimbo ya pale yalipochangamka, alikuwa akisomba maji kwa mkokoteni wa punda. Dhahabu ilipokata, wachimbaji wakakimbilia rashi mpya, dhahabu iliyoibuka huko Geita, wanawe wakiwa mbele, na punda waliokuwa wakiwabebea mawe wakaachwa. Punda wale wakaingia porini, wakazaana, wakawa hawashikiki tena. Mama aliwajua kiukoo: jike mzee aliyeongoza, binti zake, wajukuu. "Hawaachani hawa, baba," aliniambia. "Mmoja akichechemea, wote wanakwenda mwendo wake." Balaa ni kwamba wezi wanaouza ngozi za punda nao walilijua hilo. Walimnasa mtoto wa punda, wakamfunga mtini, wakangoja. Mama yake haondoki, na ukoo haumwachi mama, basi wanachinjwa wote palepale.

Usukumani ng'ombe akiibiwa hupigwa mwano, lile yowe la kuitana, na kila mwanamume anayelisikia hutoka na fimbo. Jioni moja nikiwa kijijini, mama akaupiga. Wanaume wakatoka mbio, nami nyuma yao na kitambi changu, tukawakuta jamaa wawili wanatimka, wameacha mtoto wa punda amefungwa na wenzake wamemzunguka. Kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, akafura. "Mama, mwano ni wa mali ya mtu. Huyu ni wa nani?" Mama alikuwa anahangaika na fundo la kamba, wala hakuinua kichwa. "Huyu ni wa mama yake," akasema. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Alitozwa faini ya mbuzi, akailipa. Akaja akapiga tena, akatozwa tena. Mwishowe waliacha kumtoza, na wakaacha kutoka.

Ijumaa jioni mwano ulisikika kutoka nyumbani kwake. Jirani aliyenisimulia alikuwa mezani na familia yake. "Tukasema ni punda wake tu," aliniambia huku analia. "Tukaendelea kula." Mwano ukapigwa mara ya pili, ukafifia. Asubuhi walimkuta ameanguka mlangoni, amekwisha kupoa. Hapakuwa na punda wala mwizi. Safari ile alikuwa anajiitia mwenyewe.

Najua wapo watakaonikumbusha visa vya wapiga kelele za uongo. Wasinikumbushe. Mama huyu hakupata kutudanganya. Kila alipopiga mwano kabla ya Ijumaa ile palikuwa na mtoto anayenyang'anywa mama yake. Sisi ndio tuliojizoeza kuuliza mali ni ya nani kabla hatujaona uchungu. Rashi zimetufundisha kumwacha anayechechemea na kuwahi shimo. Wanawe walikuwa Geita, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini majirani walikuwa hapo hapo, fimbo zimeegemea ukutani. Nimekasirika, na sioni haya kusema hivyo.

Tulimzika Jumapili, wanawe wakifika kaburi limeshafukiwa. Jioni, tukiwa bado msibani, punda wakalia huko porini, kilio kirefu. Watu wakatazamana. Kamanda yule yule akainuka, akachukua fimbo, akapiga mwano mwenyewe, na safari hii tulitoka wote. Tulipofika tulikuta kamba mtini, na damu imetapakaa majanini. Ngozi zilikuwa zimeshaondoka. Kamanda alisimama pale na fimbo yake, akalia mbele ya vijana wake.

Basi, ndugu zangu, yowe likipigwa, toka. La nani, utauliza ukishafika.