Samaki wa Makongeni na Sabuni ya Kukhu

Jumapili iliyopita wifi yangu alinitembelea hapa Ruiru. Kabla hata hajaketi, aliinama mbele ya tangi langu la samaki, akakunja pua. "Haiya! Si ungeosha hii kitu? Ona vile maji imekuwa kijani." Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia mkononi. Nilimjibu, na jibu lenyewe halikuwa langu, nililirithi. Ngoja nikueleze nililitoa wapi.

Nimelelewa Makongeni, kule Thika, katika nyumba ya chumba kimoja na kipande cha jiko. Tulikuwa wawili, mimi na nyanya yangu, ambaye sisi watu wa magharibi mwa Kenya humwita kukhu. Alikuwa amekuja Thika akiwa msichana kufanya kazi kiwandani, na alifika wakati watu wa ploti, ule ua wa vyumba vya kupanga, walipokuwa wakituita wale wa kutoka mbali, wanaolala kumi chumba kimoja. Kukhu hakugombana na mtu. Alichukua karai, sabuni ya unga na waya wa kusugulia sufuria, akawajibu kwa vitu hivyo kila Jumamosi ya maisha yake. Sakafu yetu ungeweza kulia ugali juu yake. Sufuria zilianikwa nje zikimeta, migongo yake ikitazama njia ili kila mpita njia azione. "Waseme yote," alizoea kusema, "lakini uchafu hawatauona kwangu."

Sasa, mwalimu wangu wa darasa la nne alipohamishwa, aliniachia tangi lake la kioo na samaki wanne wa rangi ya chungwa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiwalisha pale darasani. Aliniambia nisiwape chakula kingi, kisha akapanda gari akaenda zake. Hayo tu ndiyo mafunzo niliyopewa. Nililibeba lile tangi nyumbani na msichana mwenzangu, tukipumzika kila kona, maji yakituloanisha sketi, na watu wa njiani wakituuliza tunapeleka wapi kitoweo.

Kukhu alicheka sana. Kwao samaki ni wa kuliwa na ugali, mchuzi ukiwa mzito. Samaki wa kutazama tu ulikuwa upuzi wa matajiri. Hata hivyo alilipatia tangi nafasi juu ya kabati, karibu na dirisha, na tangu siku hiyo tangi likawa chombo cha nyumba. Chombo chochote katika nyumba ya kukhu kilioshwa Jumamosi.

Na kilioshwaje! Samaki walimiminwa kwenye ndoo. Maji yalimwagwa yote. Kioo kilisuguliwa kwa waya na sabuni mpaka kikalia. Vile vijiwe vya chini vilichemshwa kwenye sufuria kama mahindi, vikaanikwa juani kwenye kipande cha bati. Kisha alijaza maji mapya, moja kwa moja kutoka kwa mfereji wa ploti, bomba letu sote. Nakwambia, hungeona kama kuna maji ndani. Kukhu alirudi nyuma hatua moja, mikono kiunoni, akalitazama kwa raha tupu.

Jumapili tukitoka kanisani, tuliwakuta samaki wote wako juu, midomo nje, wakihema. Mapezi yalikuwa yamebanwa ubavuni, mashavu mekundu kama yamechomwa. Mmoja alikufa kabla ya chai ya jioni. Nililia. Kukhu alikuwa na jibu tayari: tangi halikuoshwa vizuri. Jumamosi iliyofuata aliongeza sabuni. Akafa wa pili.

Hapo ndipo jirani yetu alipoingia. Alikuwa mama Mkikuyu aliyeuza mandazi kwenye kibanda mlangoni mwa ploti, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani, na mandazi yake yalikuwa yakikaa kwenye beseni, nzi wakiyasalimia. Alilitazama lile tangi kama mtu anayetazama ng'ombe sokoni. "Woi, mama," alimwambia kukhu, "hawa wamebaki na siku ngapi? Wa mwisho akienda, hiyo kioo unipatie ya mandazi." Kukhu alikubali palepale. Kwake ilikuwa haki. Kioo kizuri kisikae bure. Mimi nikasogea mbele ya tangi. Sikuwa na kitu kingine chochote duniani kilichokuwa changu peke yangu.

Kisha mifereji ikakauka, kama ilivyokuwa kawaida. Jumamosi ilifika na hakukuwa na tone. Kulikuwa na pipa letu la buluu tu, lenye maji yaliyotekwa siku nyingi nyuma, na hayo yalikuwa ya kupikia. Kukhu hakuosha tangi. Alitia vikombe kadhaa tu vya maji ya pipa kufidia yaliyopungua, huku akinung'unika. Jamani, wale samaki wawili wakafufuka! Walikimbizana huku na huku, mapezi wazi, wakaja kwenye kioo kuniomba chakula. Wiki nzima walikuwa hivyo, katika maji tuliyoyaona machafu.

Maji yaliporudi, kukhu akalipiza. Alisugua vya wiki mbili. Akafa wa tatu.

Nilimzika nyuma ya choo, na nilipokuwa nanawa pale mfereji nikainusa mikono yangu. Ilinuka kama ukumbi wa zahanati, pale tulipodungwa sindano. Nikaenda kunusa pipa. Halikunuka kitu. Nikarudi mfereji, nikarudi pipa, kama mwendawazimu. Dawa! Maji ya mfereji yalikuja na dawa, na yakikaa, dawa inapotea. Nilijua hilo kwa pua yangu. Mambo ya vijidudu wema wanaokaa kwenye vijiwe na kula uchafu wa samaki, wale tuliokuwa tukiwachemsha, hayo niliyajua baadaye ukubwani. Wakati ule niliona tu kwamba tukiosha wanakufa, tusipoosha wanaishi.

Nilimwambia kukhu. Akasema mtoto hamfundishi mtu mzima usafi. Tena Jumapili hiyo akina mama wa kanisa walikuwa waje kwetu kwa maombi, na kioo kilikuwa kimeanza kuwa kijani pembeni. Jumamosi asubuhi alikuja na karai na waya. Jirani alikuwa amesimama mlangoni na kanga begani, tayari kubeba kioo chake. Nilipanda juu ya stuli, nikalikumbatia lile tangi kwa mikono yote miwili.

"Mama, hebu toka hapo," kukhu aliniambia, maana hivyo ndivyo alivyozoea kuniita.

"Sitoki, kukhu. Nichape, lakini sitoki."

"Wageni wakija wataona nini?"

"Wataona samaki mzima!"

"Ai, huyu!" jirani akasema. "Mtoto ana kichwa ngumu kama nyanyake."

Kukhu aligeuka akamtazama. Nilidhani naona hasira, na huenda ilikuwepo, lakini aliushusha ule waya. Akaninyooshea kidole. Nje ya kioo ataosha yeye. Ndani nisugue mimi, kwa kitambaa, upande wa mbele tu, bila sabuni, na maji nitoe nusu na kurudisha ya pipa. Samaki akifa kabla ya wageni kuondoka, kioo kinaenda kwa mandazi, na nisitoe hata chozi. Nikakubali.

Wageni walijaa chumba. Waliomba, wakaimba, kukhu akagawa chai. Mimi nilisimama kando ya kabati nikimwomba Mungu wangu mambo yangu. Ndipo mama mmoja mnene, mwenye kofia, akanyoosha shingo na kusema kwa ile sauti ya kunong'ona ambayo kila mtu husikia: "Kumbe hapa kwa usafi pia kuna maji ya kijani?" Uso wa kukhu ulichomeka. Miaka yake yote ya karai na sabuni ilikuwa imeguswa mbele ya watu. Akamtazama samaki. Samaki alikuwa anazunguka taratibu, mapezi wazi kama nguo ya harusi.

"Hayo ni ya samaki," kukhu alisema. "Yako ni hayo kwa kikombe. Kunywa chai."

Hakuniambia hata siku moja kwamba nilikuwa sawa. Lakini kuanzia wiki hiyo, kila Ijumaa nikitoka shule nilikuta ndoo imejazwa maji ya mfereji na kuwekwa pembeni, imefunikwa kwa sinia, na ole wake atakayeigusa. Jirani alienda kujinunulia kioo chake.

Ile ploti imebomolewa, pamejengwa gorofa. Pipa sijui liliishia wapi. Kukhu tulimpeleka nyumbani magharibi, akalazwa kando ya mama yake, na siku ile mimi mwenyewe nilifagia kaburi lake kwa sababu hakuna aliyekuwa akifagia vizuri. Dukani sasa wanauza matone ya kuondoa dawa kwenye maji, na ninayo. Bado kila Ijumaa naweka ndoo kando ya mlango na kuifunika kwa sinia, na hakuna atakayenitoa hapo.

Kwa hivyo wifi yangu alipoyaona maji yale ya kijani na kuniambia nioshe tangi, nilimsogezea kikombe karibu.

"Wifi," nikamwambia, "kunywa chai."