Swala Mwenye Hereni

Hadi leo nikiingia duka la nyama hapa Kensington nikaona vipande vya swala vilivyokaushwa vimening'inia juu ya kaunta, nageuza uso. Wauzaji wameshanizoea, wanadhani ni mambo ya dini.

Baba yangu alikuja kwangu huku Johannesburg kutibiwa macho. Daktari hakumficha: presha ya macho ilikuwa imekula mishipa, kilichobaki ni tundu dogo la kuonea katikati, na hilo nalo litafunga. Tulirudi garini, tukaenda mpaka tukasimama kwenye robot, taa za barabarani tunavyoziita huku. Ilipowaka kijani akasema anataka kuwinda mara moja zaidi kabla giza halijamwingia.

Nilidhani ni uchungu unamsemesha. Lakini alikulia Ukambani, na kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji alikuwa akiandamana na baba yake porini, upinde begani, wakitembea kutwa na mara nyingi wakirudi mikono mitupu. Alitaka hivyo tena, na mtoto wake kando yake. Mtoto mwenyewe ndiye mimi, binti yake, mhasibu wa miaka arobaini na kitu, ambaye hata kuku sinunui akiwa na kichwa.

Huku uwindaji ni halali. Mwenzangu wa ofisini akanielekeza kwenye shamba moja la wanyama kaskazini ya jiji, nikatafuta vibali, tukaenda.

Kinyaa kilinianza hapohapo langoni. Familia moja ilikuwa imemaliza shughuli yake. Swala wao alikuwa amelazwa kwenye nyasi, mwanamume amepiga magoti anamrudishia ulimi mdomoni kwa kidole, mwingine anamfuta damu puani kwa tishu, ili picha itoke vizuri. Kichwa kikawa kinaanguka, wakakiegemeza kwa kijiti. Kisha baba wa familia akachovya vidole kwenye jeraha akampaka binti yake mashavuni na kwenye paji la uso, maana ndiye aliyepiga na ilikuwa mara yake ya kwanza. Ndiyo desturi ya wawindaji wa huku. Msichana anacheka, nzi wanamtua shavuni. Nilimeza mate yaliyokuwa yananipanda.

"Wanamfanya nini yule?" baba akauliza. Nikamweleza.

Akatema mate chini. "Mimi nikirudi hivyo nyumbani, mama yangu hanipi chakula mpaka nioge."

Nikafikiri uwindaji wetu utakuwa afadhali. Mwongozaji wetu alikuwa mtu mpole, akimwita baba Mkhulu, yaani babu. Alituingiza kwenye kibanda cha mbao chenye viti vya plastiki, chupa ya kahawa, na dirisha la kutolea mtutu. Bunduki ilikuwa tayari imelazwa juu ya mfuko wa mchanga.

"Tunaanza kutembea saa ngapi?" baba akauliza.

"Hatutembei, Mkhulu. Wao ndio wanakuja."

Akatoka nje, akagonga ndoo ya chakula cha mifugo, akamwaga, akarudi. Nao swala wakaja. Walikuja mbio, wakisukumana, kama kuku wakisikia sufuria inakwanguliwa. Niliona aibu kuwatazama. Hii ndiyo safari niliyomletea mzee wangu, nikajiambia.

Baba akaweka jicho kwenye darubini ya bunduki. Lile tundu lake dogo lilitosha. Mwongozaji akamnong'oneza: dume la mbele, nyuma ya bega. Baba akakaa. Pumzi yake ilitulia kabisa, sijawahi kumwona ametulia vile tangu atoke kwa daktari. Nikashika ukingo wa kiti nikisubiri mlio.

"Mama," akaniita, kama anavyoniita tangu utotoni. "Sikioni pake kuna nini?"

"Ni hereni ya plastiki, Baba. Ya manjano. Ina namba."

"Basi macho hayajanidanganya." Akainua uso. "Mwambie huyu bwana, mnyama huyu ana mwenyewe."

Nikatafsiri. "Eish," mwongozaji akaguna, "mwenyewe ni shamba, na shamba ndilo limewaalika."

"Nimesikia. Mwambie sijawahi kupiga mnyama wa mtu."

Kwetu mbuzi hukatwa sikio kwa alama ya ukoo, na anayepiga mnyama mwenye alama ni mwizi. Nililijua hilo, na bado nilichemka.

"Baba, piga tu. Hutapata nafasi nyingine."

Nilimwambia hivyo, na huku nimechafukwa na roho. Nilitaka apate alichokijia, hata kama ni uchafu.

"Nafasi ya nini?" akasema. "Nilikuja kuwinda." Akanikabidhi kikombe chake cha kahawa. "Na kahawa yao ni mbaya."

Pale kwenye ofisi ya shamba walitubebesha pakiti ya nyama, eti tusirudi mikono mitupu. Ilikuwa bado na uvuguvugu. Tulipokuwa tunangoja lango lifunguliwe, mlio mmoja wa bunduki ukasikika nyuma yetu, upande wa kile kibanda. Nikapandisha redio haraka. Baba alikuwa ameegemeza kichwa, amefumba macho, nikashukuru kwamba amelala. Ile pakiti niliitupa kwenye pipa la kituo cha mafuta, nikanawa mikono mara mbili.

Sasa yuko nyumbani Ukambani, na lile tundu limefunga. Nampigia simu Jumapili nikitoka kanisani. Juzi aliniuliza kama lile dume lenye hereni bado lipo.

"Nauliza kwa sababu ndicho kitu cha mwisho nilichokiona vizuri," akasema.

"Lipo, Baba. Linakula tu kwenye ndoo yake."



"Mama, kilichokufa ni macho. Masikio yangu ni mazima."

Kisha akataka kujua kama huku mvua imenyesha.