Ndege wa Kupandia Maharage

Mama yangu hakubali kwamba ndege wake ni wa Mjerumani. Mimi nafundisha biolojia katika shule moja hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, na kitabu chetu cha Kifaransa ndivyo kisemavyo: jina la kitaalamu lilitolewa na Mjerumani mmoja, zamani, akiwa mezani kwake huko Ulaya, baada ya kuletewa ngozi iliyokaushwa.

"Ilifika kwake imekwisha kufa?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi hakusikia ile ndege inaita."

Kwetu Djugu, kaskazini mwa mji huu, ndege huyo ndiye anayefungua msimu. Hakuna anayetia maharage ardhini kabla hajaita, na anayemsikia wa kwanza hupita mlango kwa mlango akiwaamsha wenzake. Hilo kitabuni halimo.

Tulikimbia mauaji huko, tukapanga vyumba viwili hapa mjini, mtaa wa Nyakasanza. Nilimwambia mama tutakaa kidogo tu. Siku hizi naona aibu hata kulitamka neno hilo. Barabara ya kwetu haipitiki, na ua wetu ni mdogo kiasi kwamba ukianika shuka, jirani hana pa kupita.

Asubuhi moja, mvua zilipoanza, ndege akaita kwenye mikaratusi nyuma ya choo. Mama alijifunga kitenge, akachukua jembe, akaenda kugonga milango ya wapangaji. Mmoja ni fundi wa pikipiki, mwingine anauza mitumba, wapande nini? Walimtazama tu. Akaelekea getini.

Nilimwahi, nikafunga kufuli, nikatia ufunguo mfukoni. Nilikuwa na hasira, na hofu kuliko hasira.

"Mama, njia haiko muzuri. Kule wanauwa watu."

"Ndege imeita. Weye unanifungia sawa mbuzi?"

Nilikuwa nimemfungia kweli, na mimi mwenyewe nimefungwa humo humo pamoja naye.

Alisimama getini mpaka jua likawa kali. Kisha akarudi ndani, akatoka na fundo la kitambaa. Yalikuwa maharage ya mbegu aliyokimbia nayo, ambayo siku zote alisema hayatagusa udongo mwingine. Akachimba kando ya ukuta wa choo, mahali ambapo mwenye nyumba amekataza, akaanza kuyafukia.

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Ningefurahi kama angeendelea kunigombeza. Nilichuchumaa karibu naye, nikamwomba abakishe hata kiganja kimoja cha kupanda nyumbani.

"Nyumbani wapi?" akasema, na akaniomba nimletee maji.