Picha ya Baba Mkubwa Kabla Haijatiwa Rangi

Jamani, nitawasimulia, ila mkicheka mcheke kwa adabu, maana kule Lituhi, ziwani, hadi leo nikipita sokoni kuna akina mama wanaoniuliza leo nimekuja kumuua nani. Aibu hiyo ninayo na nitazikwa nayo.

Kazi yangu ni kuchora. Nimepanga chumba Mbinga mjini, nyuma ya duka la pembejeo, na wakati huo mimi na wenzangu wawili wa Songea tulikuwa tunatengeneza gemu ya simu, ile ya hadithi, ambayo mchezaji hapigani na mtu bali anamfuata binti anayepita vijiji vya ziwani kumtafuta kaka yake, na kila anayekutana naye anamwambia jambo, mchezaji anachagua amwamini au asimwamini. Wenzangu walishika hadithi na mambo ya kompyuta, mimi nikapewa sura za watu wote na mandhari yote, yaani mwambao, mitumbwi, vichanja vya kuanikia dagaa wa usipa na milima inayosimama nyuma ya ziwa. Katika hao watu kulikuwa na mzee mchonga mitumbwi, na mimi mchonga mitumbwi ninayemjua ni mmoja tu, Baba mkubwa Kosmas wa Lituhi, kaka wa marehemu baba yangu.

Nilipomwomba nimpige picha za kuchorea alikataa, akasema uso wake umeshachakaa, nitafute kijana. Kisha akauliza hiyo gemu itachezwa wapi, nikasema popote, hata Dar, akauliza kama Festo anaweza kuiona. Festo ni mwanawe wa pekee, fundi wa majokofu huko Dar, na tangu walipomzika mama yake hajakanyaga Lituhi. Kila Krismasi anakuja, na kila Krismasi haji. Nikamwambia Festo kutwa yuko kwenye magemu, lazima ataiona. Mzee akaingia ndani, akatoka amebadilisha shati.

“Basi nichore vizuri,” akasema. “Huenda akiniona humo atakumbuka njia.”

Sasa niwaeleze jambo moja la kazi yetu, maana ndilo lililonimaliza. Mchoraji hakimbilii rangi. Unaanza na nyeusi na nyeupe, na kijivu katikati, mpaka ujue mwanga unaangukia wapi na kivuli kinakaa wapi, ukiridhika ndipo unatia rangi. Kwa hiyo Baba mkubwa nilimchora hivyo, kifua kwenda juu, ametulia, anakutazama usoni, na nyuma yake nikaweka ziwa na mawingu yaliyofunguka, mwanga unamshukia begani. Ilinitoka vizuri mno, nikashindwa kujizuia, jioni hiyo nikaiweka status, chini nikaandika “Baba mkubwa” na vile viganja viwili vilivyoshikana, maana nilikuwa namshukuru. Halafu nikazima simu nisisumbuliwe, nikaendelea na mandhari yangu, nikalala, na asubuhi nikadamka kwenda Lituhi kupiga picha za ile milima kwa sababu ilikuwa inanishinda, simu bado nimeizima nitunze chaji.

Ninyi wenye akili mmeshaona. Mzee, nyeusi na nyeupe, mawingu, viganja. Kwetu hiyo ni nini kama si tanzia? Mimi niliyeichora sikuona.

Kwenye gari nikawakuta akina mama wamejifunga kanga viunoni, wana mfuko wa unga na sufuria kubwa, na mmoja wao ni Mama Agripina, jirani yetu wa zamani. Nikampa shikamoo, nikamuuliza safari ya wapi, akasema Lituhi, msibani. Nikasema poleni sana, nani amefariki?

Gari zima likanigeukia. Mama Agripina akanishika mkono, akanitazama machoni muda mrefu, kisha akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini kwamba mtoto bado hajaamini. Wakanipa maji, mwingine akanifunika kanga, na mimi nikafikiri ni upendo tu (nilikunywa maji yao, nikala na ndizi zao, nikalala begani kwa Mama Agripina mpaka tulipoanza kuteremka kuelekea ziwani).

Tulishuka pamoja, tukashika njia moja, na kila nilipokata kona nao walikata, nami nikawa nashangaa tu jinsi tulivyolingana, mpaka nilipoona turubai uani kwa Baba mkubwa. Nilijitupa mchangani, mkoba wenye tableti ukaruka huko, nikagaagaa, nikamwita jina, nikalia kwamba ameondoka hata picha yake sijaimaliza, na hapo kila mtu akalia zaidi. Wakaninyanyua wakanikalisha kwenye mkeka pembeni ya Shangazi Melania, dada yake anayekaa naye. Nikamuuliza, huku kamasi zinanitoka, amekufaje?

Shangazi akajifuta pua. “Mwanangu, sisi tungejuaje? Si wewe ndiye uliyetutangazia?”

Kilio kilikatika hapohapo. Nikaelezwa kila kitu nikiwa nimeduwaa: Baba mkubwa alipanda milimani Litumbandyosi kutafuta mti wa mtumbwi mpya, huko shambani kwa rafiki yake mtandao hakuna, watu wakaona picha yangu, wakanipigia sipatikani, wakampigia yeye hapatikani, mmoja akasema labda mti umemwangukia, na kufikia asubuhi ile “labda” ilikuwa imeshaondoka ukabaki mti. Vijana walikuwa wanatafuta gari la kwenda kuuchukua mwili.

Nilitakiwa kusema ukweli dakika ileile. Nilifungua mdomo kabisa, lakini kwaya ikaanza kuimba, nikaufunga (nakiri, niliishukuru ile kwaya).

Na kumbe wakati huo Baba mkubwa alikuwa ameshafika. Alikuja kwa njia ya nyuma, shoka begani, akaona turubai uani kwake. Mtu wa kwetu akikuta msiba haanzi kuhoji watu. Anavua kofia, anaketi na wanaume, anainamisha kichwa, mengine atayajua polepole. Naye nyumbani alimwacha dada yake peke yake, kwa hiyo hakuwa na cha kuuliza. Akaketi mwisho wa benchi akawa anamlilia Shangazi Melania. Mwanamume aliyekuwa karibu naye akampapasa mgongoni, akamwambia ajikaze, kisha akageuka amwone anayemfariji ni nani.

Benchi lilianguka na watu wake wote. Waliokimbia walikimbia, mmoja aliingia ziwani na viatu vyake, masufuria yakapinduka, mimi nilibaki nimekaa mkekani. Shangazi peke yake ndiye aliyemfuata, akamgusa mkono, akamgusa kifua, halafu akaanza kumchapa kwa kanga.

“Melania, kumbe si wewe?” Baba mkubwa akauliza, machozi bado yanamtiririka.

“Si mimi. Ni wewe.”

Watu waliporudi mmojammoja, simu ikatolewa, picha ikaonyeshwa, na macho yote yakanigeukia. Nikapiga magoti, nikaeleza habari za mwanga na kivuli na kwamba rangi huja baadaye, nikaeleza kwa kirefu, na nilipomaliza mzee mmoja akaniuliza kwa upole kabisa kwa nini nimtoe rangi mtu mzima.

Nikawasha simu niifute ile picha. Ujumbe ukamiminika, na wa juu kabisa ulikuwa wa Festo. Alikuwa njiani tangu usiku, ameshapita Iringa. Nikasema nampigia sasa hivi, maskini, asiendelee kulia bure.

“Festo anakuja?” Baba mkubwa akauliza. Akaketi chini taratibu. “Weka simu.”

“Baba mkubwa, analia njia nzima.”

“Najua. Picha usiitoe. Mwache aje.”

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kuona turubai. Shangazi akagomba, akasema huo ni ukatili, mtoto atakufa kwa presha njiani. Mzee akamsikiliza hadi mwisho na hakubadilisha neno. Katekista akasema yeye hashiriki uongo, akachukua kitabu chake akaondoka (kesho yake alirudi mapema akakaa benchi la mbele). Waliobaki walibaki, chakula kilikuwa kimeshapikwa. Na mimi nikiwa hapo Festo akaandika: “Msizike mpaka nifike.” Baba mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma. Nikajibu: “Hatuziki.” Lilikuwa neno la kweli kabisa.

Kesho yake asubuhi Baba mkubwa alinyoa ndevu, akavaa shati jipya, akawa anatuuliza atakapofungua mlango aseme utani gani. Alipanga ajifungie ndani, Festo akifika atoke anacheka. Sisi tulikaa uani kimya, na niwaambie, kile kimya hatukukiigiza, tulikuwa tunaogopa kwelikweli.

Festo alifika mchana kwa bodaboda. Alianguka mchangani kabla pikipiki haijazimwa, akatambaa mpaka mlangoni, akaegemeza paji la uso kwenye ubao, akaanza kuongea na mlango.

“Baba, nilikuwa nasubiri nipate cha kuja nacho. Kila mwaka sikuwa nacho. Niliona aibu, Baba.”

Tukasubiri mlango ufunguke. Haukufunguka. Festo akarudia maneno yaleyale, mlango kimya, na mimi roho ikanitoka, nikajua sasa mzee amekufa kweli na mimi ndiye niliyemtangulizia. Nikazunguka kwa mlango wa jikoni nikaingia mbio. Nilimkuta amekaa kitandani, amejiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanacheza kwa kilio, miguu imemgomea. Alinitazama kama mtu anayeomba asaidiwe. Nikaenda nikafungua mimi.

Festo hakupiga kelele. Aliingia kwa magoti, akaweka kiganja kwenye shavu la baba yake, akakitoa, akakiweka tena. Kisha akauliza bila kugeuka, “Nani alijua?” Huko uani watu wote wakaanza kuangalia chini. Nikasema mimi. Akasimama akanijia na uso ambao sijawahi kuuona kwake, nikafumba macho nisubiri kofi, na kwa kweli lilikuwa halali yangu.

“Mwache,” Baba mkubwa akasema. “Mimi ndiye niliyemkataza. Lakini niambie, Festo. Ungesikia niko mzima ungekuja lini?”

Festo alisimama na mkono wake juu. Shangazi, ambaye ana jibu la kila kitu, akajifunika uso kwa kanga. Mwishowe akaushusha mkono, akaketi kitandani karibu na baba yake, akasema shikamoo, na mzee akaitikia kwa kuushika mkono uleule.

Wawili hao sasa wanaongea kwenye simu mpaka Shangazi analalamika. Mimi Festo hanisemeshi, nikimsalimia ananijibu kwa kidole gumba, na namwelewa. Gemu tuliimaliza, Baba mkubwa yumo na shati lake la bluu na rangi zote alizopewa na Mungu. Na nimeapa: mtu aliye hai nitamchora kwa rangi tangu mstari wa kwanza, hata wenzangu wakinuna kwamba mwanga wangu umeharibika, na status sitaweka hata picha ya kuku.

Ila lile swali la Baba mkubwa, la ungekuja lini, lilipanda nami gari kurudi Mbinga. Nina bibi yangu, mzaa mama yangu, yuko kwenye kahawa yake mlimani, si mbali na mjini, hana simu, na nilipojaribu kukumbuka mara ya mwisho kwenda kwake nikashindwa. Nikashuka kabla ya stendi, nikapanda kilima na mkoba wangu mgongoni. Nilimkuta anachambua maharage mlangoni. Alipoinua macho akaniona nimesimama pale, ungo ukamponyoka mikononi.

“Mjukuu wangu,” akasema, “nani amekufa?”