Pale Chuma Kinapoingia Mwilini

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa sinema alinikabidhi ndoo ya chokaa. Alikuwa Mhindi wa makamo, mzaliwa wa hapa hapa Moshi, na Kiswahili chake kilinizidi mimi niliyeshuka kutoka Kibosho na Kichagga mdomoni. Alinyoosha kidole kwenye bango la mbao juu ya mlango. Lilikuwa na uso wa mwigizaji, umechorwa vizuri ajabu.

"Futa," akasema.

Nikasita.

"Kijana, filamu mpya ikija, ya zamani inakwenda chini ya chokaa. Kama hilo litakuuma, rudi ukalime."

Nikapanda ngazi, nikafuta.

Enzi zetu hapakuwa na kuchapisha mabango. Filamu ilikuja na picha ndogo ya karatasi. Unaigawa miraba kwa penseli, unapiga miraba mikubwa kama hiyo bangoni, unahamisha mraba mmoja mmoja kwa mkaa, ndipo unaingia na rangi ya mafuta iliyolainishwa kwa tapentaini. Mikono inanuka tapentaini hata kanisani.

Ikaja filamu ya chombo cha angani, bila ile picha ya karatasi ya kunakili. Meneja akaniambia, "Kuna dude humo. Nusu mnyama, nusu mashine. Nenda duka la santuri, wana majalada ya namna hiyo."

Muuzaji alinitolea santuri za bendi za roki za Ulaya, zile ambazo wimbo mmoja unajaza upande mzima. Kwenye majalada kulikuwa na mwanamke ambaye mabomba yameota shingoni, na mbavu zilizopangana kama injini. Wateja wengine walizigeuza haraka. Mimi nilisimama pale mpaka muuzaji akataka kufunga duka. Tangu utotoni, nikimtazama baba akizungusha mashine ya kumenya kahawa, sikuwahi kuona mkono wake unaishia wapi na mpini unaanzia wapi. Sikujua kama kuna mtu mwingine duniani anayeona hivyo.

Nikaomba mifupa ya ng'ombe buchani, nikaazima gia kuukuu gereji, nikaviweka mbele yangu nikachora. Bango lilipopandishwa, watu walisimama barabarani. Wengine walifanya ishara ya msalaba. Mke wangu Felista alikuja kuliona, akarudi nyumbani. Jioni akasema, "Baba Prosper, kitu kile kisiingie humu ndani. Hata kwenye karatasi."

Kesho yake nilimkuta mama mmoja amesimama chini ya bango, anaegemea fimbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe uliyechora?"

"Ni mimi."

"Umedanganya."

Alikuwa ametoka Mwika, amekuja hospitali kurekebishiwa mguu wa bandia. Akainua pindo la kitenge kidogo, nikaona mikanda, sugu, na ngozi iliyoiva kwa wekundu.

"Pale chuma kinapoingia mwilini wewe umepaka laini," akasema. "Si laini. Panawasha, panatoka jasho. Siku za baridi panauma mpaka nalia."

Nikaleta ngazi. Yeye akakaa kwenye kizingiti cha sinema, nami nikarudia kila kiungo cha lile dude: uvimbe, makovu, ngozi inayogoma. Nilipomaliza alitazama kwa muda mrefu, akasema, "Sasa ndiyo," akaondoka. Sikumwona tena. Katika maisha yangu yote ya kazi hakuna mwingine aliyezungumza nami hivyo kuhusu picha zile. Filamu iliyofuata ilikuwa ya mapenzi. Nikapaka chokaa.

Video zikaingia majumbani, sinema ikafungwa, Meneja akahama na familia yake. Duka la santuri nalo likafa. Mimi nikaajiriwa hospitali moja kuandika vibao: Maabara, Wodi ya Wazazi, Usiteme Mate. Mkuu wa Matengenezo alinionya mapema, "Herufi tu. Zisomeke." Nikaandika herufi mpaka nikastaafu. Madude yangu niliyachora stoo, kwenye mifuko ya saruji, peke yangu. Felista hakuuliza na mimi sikumwonyesha.

Kisha mapafu yake yakachoka. Tuliletewa mtungi wa oksijeni, mpira ukapita shavuni hadi puani. Mchana mmoja, migomba imetulia nje, akaniita.

"Baba Prosper. Leo nimekuwa mtu wa picha zako. Nichore."

"Wewe unazichukia picha zile."

"Nazichukia. Lakini huko ndiko unakotazama kwa makini. Nitazame na mimi."

Nikamchora. Nilichora alama ya mpira shavuni, na midomo iliyokauka kwa hewa ya mtungi. Sikulainisha kitu. Akaishika karatasi karibu na uso.

"Inauma kuiona," akasema. "Ila ni mimi."

Hakukaa sana baada ya hapo.

Vijana wanaochora kwa kompyuta huja kuniuliza jinsi ya kuunganisha mwili na mashine. Nawaambia watafute mtu mwenye mashine mwilini, wakae naye, wamsikilize. Wanaitikia kwa heshima, wanapiga picha na mimi, wanaondoka.

Kwenye msiba wa Felista watoto walitaka picha ya harusi itangulie jeneza. Ikatangulia, na ilipendeza. Ile nyingine, niliyomchora na mpira puani, wanangu waliitazama mara moja wakaigeuzia ukutani. Walipokwisha kurudi Dar, niliigeuza tena. Asubuhi naisalimia, nawasha jiko, nakunywa chai nikiitazama.