Sufuria ya Maji Kwenye Nyumba ya Magurudumu

Bwana wa shamba letu pale Bahati, mzungu, alijenga nyumba ya mbao juu ya lori kuukuu, akaweka vitanda, jiko na tangi la maji, ili familia yake itembee na kulala popote. Mume wangu alikuwa dereva na fundi wake. Mimi nilikuwa mpishi, kwa hiyo nilipanda nyuma, ndani ya nyumba yenyewe, na mtoto wangu wa miezi mitano mgongoni. Sikuipenda hata siku moja. Kila kona nyumba ililala upande kama mlevi anayetafuta ukuta, nami nikishika kitanda na kumwomba Mungu.

Wiki moja Bwana alisema Jumamosi familia inashuka Naivasha, na nyumba isipotulia atatafuta dereva mwingine. Miaka ile ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na mkoloni, aliyefukuzwa kazi alifukuzwa na shambani. Tungekwenda wapi?

Mume wangu aling'oa chuma cha springi kwenye lori bovu, akakiongeza upande wa tangi, maana huko ndiko nyumba ilikoinamia. Alhamisi alasiri, aliporudi na lori kutoka Nakuru, aligonga magurudumu kwa nyundo akisikiliza. Kipimo cha upepo hakukiamini, aliamini sikio lake. Magurudumu yalilia kwa sauti kali, kama yaliyojaa mno, akayapunguza upepo.

Ijumaa asubuhi tulijaribu mteremkoni. Niliambiwa nijaze sufuria maji, niiweke sakafuni, niitazame. Kona mbili maji yalitulia, nikaanza kufurahi. Ya tatu nyumba ikayumba, maji yakanilowesha miguu. Nikapangusa upesi kwa leso yangu.

Lori liliposimama Bwana akafungua mlango, mume wangu nyuma yake.

"Maji namwagika?"

"Hapana, Bwana."

Mume wangu akashusha pumzi. Mimi nilikuwa nimekalia leso iliyolowa.

Jioni nilijaribu kumwambia. Alikuwa anakula kwa raha, mara ya kwanza wiki ile.

"Hiyo kona ya tatu," nikaanza.

"Si umesema hayakumwagika? Ama ulimdanganya Bwana?" Akacheka. Nikacheka naye. Nikamwongezea ugali, nikajichukia.

Jumamosi alfajiri kulikuwa na baridi ya kukata. Watoto wa Bwana walipanda wakiimba, na nilishindwa kuwatazama. Nikaenda kwa jirani yangu, nikamnyonyesha mtoto mpaka akashiba, nikamwachia. Nikarudi bila kitu mgongoni.

Injini ilikuwa inanguruma. Mume wangu akautazama mgongo wangu, kisha uso wangu. Akazima injini, akachukua nyundo, akagonga gurudumu moja baada ya jingine. Sauti ilikuwa nzito, ya kitu laini. Alhamisi aliyagonga yakiwa bado moto kwa jua na safari, na upepo wa moto hujifanya mwingi. Sasa yalikuwa yamepoa.

Akaanza kupiga pampu ya mguu. Bwana alifoka kwamba wanachelewa, naye akajibu tu, "Bado, Bwana." Jasho lilimtoka katika baridi ile. Alipomaliza aliinua nyundo, akaishusha bila kugonga, akaomba kipimo cha Bwana. Akapima yote, mara mbili.

Kisha akaja mlangoni nilipokuwa nimesimama na sufuria yangu.

"Mama," akasema, "nenda ukamlete mtoto."